Kisanduku cha Mwembe

Wapendwa, Bwana asifiwe. Neno la juma hili ni 1 Samweli 31:11-13, kisha 2 Samweli 2:4-6. Someni kabla hamjaendelea.

Juma lililopita nilikuwa karakanani nikitengeneza kisanduku cha kutilia majivu ya rafiki yangu. Useremala nimeufanya miaka mingi: vitanda, milango, mabenchi ya kanisa, na majeneza nisiyoweza kuyahesabu. Lakini kisanduku hiki cha sentimita 15 kila upande kwa ndani, maana majivu ya mtu mzima hutaka nafasi ya lita 3 hivi, kilinilemea kuliko jeneza lolote.

Marehemu aliacha wosia kwamba mwili wake uteketezwe. Mnajua jambo hilo linavyopokelewa kwetu. Mjomba wake alisusia mkutano wa matanga. Waumini wenzangu wawili waliniuliza, kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyechomwa atafufuka. Niliwakumbusha Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana la Kenya. Mkewe aliteketezwa mwaka 2002, naye mwenyewe akafuata njia hiyo hiyo mwaka 2005. Yule mzee alihubiri ufufuo maisha yake yote, na moto haukumtia hofu.

Lakini mimi mwenyewe moyo wangu ulitulia nilipofika, katika somo letu, kwa watu wa mji wa Yabesh-gileadi. Mfalme Sauli ameanguka vitani, na Wafilisti wameutundika mwili wake ukutani Beth-shani. Mashujaa wa Yabeshi wanatembea usiku kucha, wanaushusha pamoja na miili ya wanawe, wanarudi nayo kwao na kuiteketeza. Mifupa wanaizika chini ya mkwaju, kisha wanafunga siku saba. Kwa nini wajihatarishe hivyo kwa mfalme aliyeshindwa? Rudini sura ya 11. Wakati Nahashi Mwamoni alipotaka kuwang'oa watu wa mji ule jicho la kuume, Sauli ndiye aliyekuja kuwaokoa. Miaka imepita, naye hawezi tena kuwalipa chochote. Ndipo wanapokwenda.

Daudi alipopata habari hakuuliza habari za moto. Aliwatumia wajumbe kuwabariki, akaliita tendo lao fadhili. Nimelisoma neno hilo mara nyingi sana juma hili. Fadhili kwa aliye hai huchanganyika na mengi: kesho atanisaidia, kesho atanisifu. Aliyelala hana kesho ya kukurudishia. Kinachobaki ni upendo mtupu, na mimi nakiri sikuwahi kuupima wangu hivyo mpaka nilipoishika randa kwa ajili yake.

Ubao ulitoka kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba yake, ulioangushwa na upepo. Hatukukata mti wowote, na hilo lilinifurahisha. Nilimkumbuka Wangari Maathai, mtetezi wa miti, aliyeagwa kwa heshima za kitaifa mwaka 2011 katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha mwili ukateketezwa Kariokor, Nairobi. Mwembe una michirizi myeusi inayopita katikati ya rangi ya asali, na hujui itatokea wapi mpaka randa ipite. Katika ubao mmoja palikuwa na tundu la msumari wa zamani, limezungukwa na weusi wa kutu. Kwa kawaida upande kama huo naugeuzia ndani, au naziba kwa vumbi la mbao na gundi. Safari hii mkono ulikataa. Nikauacha mbele.

Pembe sikuzipiga misumari. Nilizichonga meno kwa patasi, zikaingiliana kama vidole vya mtu anayeomba. Siku ya pili niliharakisha, ubao wa chini ukapasuka nilipokuwa natoboa matundu ya skrubu. Nikaketi pale pale juu ya maranda, nikalia. Tangu alipofariki sikuwa nimelia. Nilikuwa mtu wa kupokea wageni na kuhesabu michango. Bwana alinisubiri pale chini, ubao uliopasuka ukiwa magotini. Sikuomba kwa maneno. Baadaye niliinuka, nikakata ubao mwingine, taratibu.

Kisha msasa, wa kukwaruza kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi. Mafuta ya kitani mara tatu, kwa kitambaa, kila mara nikisubiri yakauke.

Jumamosi nilipanda matatu nikiwa nimekipakata. Kondakta akaniambia nikiweke nyuma na mizigo mingine. Nikamwomba aniache nacho, naye aliponitazama usoni hakuniuliza tena.

Mjane wake alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza polepole upande hadi upande. Alipofika kwenye lile tundu jeusi akaweka kidole.

"Huu," akasema, "ni msumari wa kamba yangu ya nguo. Aliupigilia yeye, wiki tuliyohamia."

Akakaa hivyo, kidole tunduni, muda mrefu.