Eskrima ya karibu: mpe kazi mkono usio na fimbo

Ukitazama watu wakifanya mazoezi ya Eskrima, sanaa ya kupigana kwa fimbo ambayo Ufilipino huiita pia Arnis au Kali, mara nyingi mkono wa kulia ndio unaotoka jasho na wa kushoto unaning'inia tu. Mkiwa mbali, umbali wa largo mano, utaponea hapo. Mkifika corto, yaani kiganja chako kinagusa bega la mwenzako bila kuinama, fimbo peke yake haitoshi. Ikishakinga imebanwa, na kinachokuokoa wakati huo ni mkono mtupu. Balintawak, mtindo wa Eskrima ulioanzishwa na Venancio Bacon huko Cebu, Ufilipino, umejengwa juu ya kazi hiyo hiyo.

Wengi hukimbilia sinawali, fimbo mbili kwa mapigo sita: kulia juu, kushoto kutoka kwapani, kulia kurudi, kisha unageuza. Ni zoezi zuri, linaamsha bega na kifundo cha mkono wa kushoto. Lakini halikufundishi kugusa wala kuzuia mkono wa mtu, kwa hiyo lifanye la kupasha mwili moto, dakika tano zinatosha.

Kuhusu fimbo: henzirani ndiyo ya asili, urefu wa sentimita 70 hivi na unene wa sentimita 2.5. Ikichoka inachambuka nyuzi, haivunjiki vipande vyenye ncha. Kwa ukavu wa Dodoma, ifute kwa mafuta mara moja moja. Fimbo za mkole au mpingo wanazobeba wachungaji mnadani Msalato ni za kujifunzia peke yako tu, kwani ni nzito na zikigongana mtikisiko wote unaishia kwenye kiwiko. Mkiwa wawili na henzirani haipo, kata bomba la plastiki la PPR la milimita 20, livishe sponji, zungushia selotepu pana. Mwanzi hapana, unapasuka na kukata. Miwani ya fundi wa kuchomelea ile ya uwazi ivaliwe hata kama mnapiga polepole.

Shika fimbo ukiacha kitako cha upana wa vidole vitatu chini ya ngumi. Kiganja cha kushoto kikae mbele ya kifua, kidole gumba kimebanwa.

Sasa mwenzako anapiga kutoka bega lake la kulia kuja upande wa kushoto wa kichwa chako. Fimbo yako inasimama wima na kukutana na yake karibu na ngumi yake, kwa sababu kasi kubwa iko kwenye ncha. Ikishagonga, ndipo kiganja cha kushoto kinapita nyuma ya fimbo yako na kutua kwenye kifundo chake. Usishike, bandika tu. Kisha sukuma mkono ule chini kuelekea tumbo lake, fimbo yako itoke huru na umrudishie pigo lile lile. Naye anakinga vivyo hivyo, mzunguko unaendelea.

Makosa yako kwenye kiganja. Kikitangulia fimbo, kinapigwa vidoleni. Mkono ukinyooka, kiwiko kinabaki wazi na unavutwa. Ukisukuma pembeni badala ya kumrudishia mwilini, anazungusha kifundo na kukupiga kwa kitako. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuachia mapema: kiganja kibaki pale mpaka pigo lako lifike.

Zoezi likishanyooka, hamishia fimbo mkono wa kushoto. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, maana pigo la mwenzako bado linakuja upande wa kushoto, ambako sasa ndiko iliko fimbo yako, na mkono mtupu wa kulia unalazimika kuvuka kifua. Ukibaki umesimama mabega yote mawili yakimkabili sawasawa, mikono inajifunga yenyewe na msukumo mmoja unaibana yote miwili. Dawa iko miguuni: rudisha mguu wa kushoto nyuma kidogo, geuza kiuno kushoto mpaka kitovu kielekee mkono wake, halafu pitisha kiganja cha kulia chini ya mkono wako wenye fimbo. Mkono wa kulia umezoea kupiga, kwa hiyo utataka kunyakua au kurusha ngumi; punguza kasi mpaka utulie.

Gawanya muda bila usawa: dakika tatu fimbo kulia, tano fimbo kushoto. Kasi iongezwe na anayepiga, si anayekinga, na pigo la pili la upande mwingine liingizwe pale tu mtakapoweza kuzungumza huku mzunguko haukatiki.