Kibendera Kisichokuwepo
Mpira ulidunda mita kumi mbele yangu, ukageukia pembeni kama mbuzi aliyeona kamba, ukatoka nje. Hapakuwa na mtu hata mmoja kati yangu na magoli. Beki aliyekuwa akinikaba alikuwa nyuma yangu, anahema. Nami nilikuwa nimesimama wima, kama nasubiri daladala.

"Yaya, unasimama juu ya nini?"

Sauti ilitoka katikati ya uwanja. Alikuwa kijana wa Bukavu aliyefika Australia akiwa mtoto, akakulia Melbourne, na Kiswahili chake alikuwa nacho bado, cha nyumbani kwao, ambako "yaya" ni kaka na "juu ya nini" ni kwa nini. Tulifanya naye kazi za usiku kwenye ghala moja. Mimi nilikuwa mwanafunzi, mwaka wa pili. Ndiye aliyenivuta kwenye timu ya pili ya klabu ya mtaani kwao, magharibi mwa jiji, kwa sababu watu walikuwa hawatimii. "Mbio unazo," aliniambia, "ingine utajua."

Hiyo ingine ilikuwa nyingi. Ulikuwa mpira wa Kiaustralia, mchezo ambao wenyeji wanauita futi, neno ambalo kwangu mimi lilikuwa kipimo cha fundi mwashi. Timu ina watu 18 uwanjani. Mpira una umbo la yai. Unaupiga teke, au unauweka kwenye kiganja kimoja na kuugonga kwa ngumi ya mkono mwingine umfikie mwenzako. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Ukidaka mpira uliopigwa teke kutoka mita 15 au zaidi, kabla haujagusa kitu, umeshajipatia nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Ukikimbia nao zaidi ya mita 15 lazima uudundishe au uuguse chini.

Nilihangaika na teke mwezi mzima. Huurushi mpira juu kama golikipa. Unaushika kwa mikono miwili, mshono ukiwa juu, unaushusha na mkono mmoja taratibu mpaka karibu na mguu, kidole gumba cha mguu kimenyooka, ndipo unaachia. Ukichelewa kuachia hata kidogo, mpira unakwenda kwa jirani. Nilifanya mazoezi peke yangu kwenye ukuta wa maegesho ya ghala, na walinzi wakanizoea.

Lakini siku ile, Jumamosi ya Julai 2018, baridi ya kukata masikio, tatizo langu halikuwa mguu. Lilikuwa la zamani zaidi. Nilicheza winga ndondo za Tanga, na kocha wetu wa vijana alikuwa na adhabu moja tu: kila ukiotea kwenye mazoezi, unauzunguka uwanja mara moja, jua la saa nane. Niliuzunguka sana. Mwishowe mwili wenyewe ukajifunza kumtazama beki wa mwisho na kusimama usawa wake. Sikuhitaji tena mshika kibendera. Nilikuwa naye ndani.

Kwenye futi hakuna kuotea. Niliambiwa siku ya kwanza, nikaitikia kwa kichwa, na miguu haikusikia.

Mapumziko kabla ya robo ya mwisho, kocha alituita kwenye duara. Alikuwa fundi bomba, mzee mwenye mikono kama makoleo, mshabiki wa klabu ya Richmond. Mwaka uliotangulia Richmond walikuwa wamechukua ubingwa baada ya miaka 37, wakiifunga Adelaide 108 kwa 60 mbele ya watu 100,021 pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, na tangu siku hiyo hakuwa na mfano mwingine wa kutoa. Tulikuwa tumeachwa mbali sana. Hakufoka. Alichukua vipande vya machungwa tuliyokuwa tunakula, akavipanga juu ya boneti ya pikapu yake.

Akavirundika vyote upande mmoja, kando ya mstari. "Hivi ndivyo mnavyocheza," alisema. Tukiupata mpira nyuma, tunaogopa, tunaupiga kufuata mstari wa pembeni, kwa sababu ukipotea huko haukuumizi. Wapinzani wanajua. Wanahamia huko wote, wanatungoja na kuudaka. Kisha akakisukuma kipande kimoja kukivusha boneti mpaka upande wa pili, polepole, akatutazama. Upande ule hapakuwa na chungwa hata moja.

Kuvusha mpira mbele ya magoli yako mwenyewe ni jambo la roho ngumu. Ukinaswa pale katikati, umewapa pointi sita za goli mkononi. Mmoja wetu akauliza kwa nini tusitulie, tupigiane teke fupi fupi tudake, kama Hawthorn walipochukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2013 mpaka 2015. Kocha alicheka mpaka akashika boneti. Hawthorn walikuwa na miguu ya kufanya hivyo, alisema. Ninyi hamwezi kukamilisha teke tatu. Richmond ya 2017 ndiyo iliyotufaa: mpira ukianguka, usukume mbele hata kwa ngumi, hata kwa goti, na walioko mbele wawe wepesi wa kuufukuza. Vurugu, lakini vurugu inayokwenda mbele.

Nilimwelewa kwa sababu ya lile chungwa. Pasi za salama nilizozijua mimi zilikuwa za kurudisha nyuma na kuanza upya. Hapa kila sekunde unayotulia ni zawadi kwa mabeki. Wanapata muda wa kurudi na kujipanga.

Robo ya mwisho ilikuwa imekaribia kuisha. Beki wetu alidaka upande wa kulia, karibu na magoli yetu, akageuka kuutazama mstari kama kawaida. Wapinzani wote wakasogea huko. Kisha, sijui nini kilimwingia, akauvusha. Teke refu, la kutetemeka, lilipita mbele ya magoli yetu nami nikafumba macho. Nilipofumbua, mwenzetu alikuwa ameudaka upande wa kushoto na wala hakusimama. Aliugonga kwa ngumi kwa yule kijana wa Bukavu aliyekuwa anampita mbio. Akadundisha mara moja kwenye tope, mpira ukamrudia mkononi. Akainua kichwa.

Ndipo shingo yangu ilipoanza kugeuka yenyewe, imtafute beki wa mwisho.

"Kimbia, yaya! Weye kimbia tu!"

Nikakimbia. Kabla hajapiga, nikampita beki wangu, nikaingia kwenye nusu ya uwanja isiyokuwa na mtu. Nilijiona kama niko uchi sokoni. Mpira ulinipita juu ya kichwa, ukadunda, na safari hii ukarudi kifuani kwangu, kwa bahati tu, maana mpira wa umbo lile hauna mwelekeo wa kuaminika. Mita 25. Mikono miwili, mshono juu, nikaushusha, nikaachia.

Ukagonga nguzo ya goli. Niliusikia mlio.

Mzee mmoja mwenye koti jeupe, mwamuzi wa magoli, alisogea taratibu, akaipigapiga ile nguzo kwa kiganja, akanyoosha kidole kimoja. Kisha akachukua kibendera, akakipunga.

Nikainamisha kichwa, nikageuka, nikaanza kurudi nyuma haraka kabla refa hajanipigia filimbi. Nilishapiga hatua nne tano nilipoona kijana wa Bukavu amekaa kwenye tope, ameshika mbavu kwa kucheka.

"Yaya, unaenda wapi? Hiyo ni pointi yetu!"