Si Kila Kukosa Usingizi ni Mkesha

Somo: 1 Wafalme 19:3–8 na Zaburi 121

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki iliyopita tafakari haikuwafikia, na baadhi yenu mliuliza kulikoni. Nilikwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri hapa Kampala. Ni upasuaji ambao madaktari huufanya kila siku wala hauwatoi jasho. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikafa ganzi, nikamsikia daktari na nesi wakizungumzia bei ya saruji huku wananishona, kisha nikarudishwa wodini. Kidonda kinaendelea vizuri. Nimekatazwa kubeba vitu vizito na kupanda boda mpaka daktari aseme. Habari ya kidonda inaishia hapo. Ninalotaka kuwaandikia leo ni usingizi, maana nilirudi nyumbani Makindye bila huo.

Aliyewahi kushonwa kinena anajua jinsi kitanda kinavyogeuka kuwa kazi. Kulala kifudifudi hakuna. Ukitaka kugeuka ubavu, unaweka kiganja juu ya bandeji, unakunja magoti taratibu, unajisukuma kwa kiwiko, na ukifika huko ulikokwenda unakuta upande ule mwingine ulikuwa afadhali. Kikohozi kikija, unakumbatia mto na kuubana juu ya kidonda kama walivyokufundisha. Kufikia hapo umeamka kabisa na saa inasema nane usiku. Mbwa wa jirani wanajibizana na mbwa wa kilimani. Boda moja inapita, halafu kimya, halafu mke wako anauliza gizani, "Unahitaji kitu?" nawe unajua kwamba hata yeye hajalala. Mchana unasinzia kwenye kiti, mdomo wazi, wageni wakiwapo. Usiku unarudi kulekule.

Wageni walikuja wengi, Mungu awabariki, na karibu kila mmoja alikuwa na neno kuhusu usiku wangu. "Mzee, Mungu anakuamsha. Ana mzigo anataka uuombee." Mwingine akasema ni adui anayeiba usingizi wa watumishi, nimkemee kwa jina la Yesu. Dada mmoja, mwenye moyo mwema kuliko sisi sote, aliniletea mahitaji ya maombi ya watu wake yaliyojaa karatasi mbele na nyuma, ili "nisikae bure" saa hizo.

Nawaelewa. Sisi tuliookoka Uganda tumelelewa katika mkesha. Ijumaa usiku kuna mahali hapa mjini ambapo huwezi kusimama usisikie spika ya kanisa, na usiku wa tarehe 31 Desemba nchi nzima ni kama haina kitanda. Mimi mwenyewe nimekesha miaka mingi na nimemwona Bwana huko. Tena Maandiko yanatuunga mkono: Yesu alikesha mlimani akiomba, Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane. Lakini mkesha ni kitu unachompa Mungu. Mtu mwenye kidonda kibichi anayetazama dari saa nane hajatoa kitu. Kuna kitu amepungukiwa. Tukimwambia kwamba upungufu wake ni wito, tunamwongezea deni juu ya maumivu. Na asipoweza kuomba kwa sababu dawa imemlegeza akili, anaanza kujiona ni mvivu wa kiroho. Hapo ndipo mimi nasema hapana.

Mtazameni Eliya. Ametoka mlima Karmeli alikowashinda manabii wa Baali, ametishiwa na malkia Yezebeli, amekimbia hadi Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Huyu ni nabii. Kama kuna mtu ambaye ungetazamia malaika amwamshe ili aombe, ni yeye. Malaika alikuja kweli. Akamgusa. Akamwambia, "Inuka, ule." Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake. Akala, akanywa, akalala tena. Na malaika akamwacha alale! Hakumwuliza imani yake ya Karmeli imekwenda wapi. Hakumsomea somo. Alirudi mara ya pili, akamgusa tena, na neno lilikuwa lilelile la chakula, likiongezewa sababu moja: "maana safari hii ni kubwa mno kwako." Maswali ya Mungu kwa Eliya yako, ila yanamngoja mlimani Horebu, baada ya siku arobaini za mwendo. "Unafanya nini hapa, Eliya?" halikuulizwa chini ya mretemu. Chini ya mretemu kulikuwa na mkate, maji, na usingizi mara mbili.

Napenda sana kwamba mkate ule ulikuwa wa moto wa makaa. Mtu aliupika, au malaika aliupika, sijali. Mbingu ilijishughulisha na jiko.

Kuna wengine katika Biblia waliokosa usingizi, na hawafanani. Ayubu alijitupa huku na huku mpaka kunapambazuka, akalalamika waziwazi, na hakuna mahali Mungu alipomkaripia kwa kutokufanya mkesha wa usiku ule. Yakobo alimwambia Labani kwamba mchana jua lilimla na usiku baridi, na usingizi ukamtoka machoni. Kwake ilikuwa kazi ya mifugo tu. Mfalme Dario alikosa usingizi kwa ajili ya Danieli, aliyekubali atupwe katika tundu la simba, akiwa na dhamiri mbaya. Halafu kuna Esta sura ya 6: "Usiku ule mfalme hakupata usingizi." Mfalme Ahasuero hakumjua Mungu wa Israeli. Hakuomba. Aliagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu za ufalme, na nadhani kama vitabu vya namna hiyo vilikuwa vinafanana na kumbukumbu za vikao vyetu vya kanisa, alitumaini vingemlaza. Kumbe katika kusomewa likatokea jina la Mordekai, aliyewahi kumwokoa mfalme asiuawe na hakulipwa chochote. Asubuhi Hamani, adui wa Mordekai, alikuja kuomba ruhusa ya kumtundika Mordekai, akajikuta amepewa kazi ya kumtembeza juu ya farasi wa mfalme. Mungu alifanya kazi yake usiku ule kwa kutumia macho ya mtu asiyeomba. Mordekai hakuwa na habari yoyote.

Basi ukinikuta sijalala, usiharakishe kunieleza maana yake. Huenda ni Ahasuero, huenda ni Ayubu, huenda ni ile dawa. Daktari wangu aliniambia kwa lugha nyepesi kwamba deksamethasoni, ambayo hutolewa mara nyingi wakati wa upasuaji ili mgonjwa asitapike, inaweza kumkimbiza mtu usingizi. Ongeza maumivu, ongeza kule kusinzia mchana, na hesabu imekamilika bila kumtaja shetani.

Sisi wa nchi hii tungepaswa kuyaelewa haya upesi kuliko wengine. Mwaka 1897 daktari mmisionari Albert Cook alifika hapa na kuanzisha hospitali ya Mengo, kwenye kilima cha Namirembe. Mwaka 1901 yeye na ndugu yake Jack, naye daktari, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, kuonekana Uganda. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ule ulifagia Busoga na pwani za Ziwa Viktoria, ukaua watu zaidi ya 200,000. Watu hudhani mgonjwa wa malale analala sana kuliko sisi. Sivyo. Ni kwamba vimelea vikishaingia kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, saa zake za kulala zinatawanyika: anasinzia mchana na kijiko mkononi, na usiku anakodoa macho. Akina Cook walikuja kwa ajili ya Injili, walikuwa watu wa maombi. Lakini mbele ya mgonjwa wa namna ile walichukua damu wakaiweka chini ya hadubini. Ilipofika 1903, David Bruce na wenzake waliokuwa wakifanya utafiti Entebbe wakaonyesha kwamba anayeusambaza ni mbung'o. Hebu fikirini kama wangeishia kuwaambia wale watu wa ziwani kwamba Mungu anawaamsha usiku ili waombe.

Usingizi ni wa mwili, na mwili ni wa Bwana. Yeye ndiye aliyeahidi baada ya gharika kwamba mchana na usiku havitakoma, na hapa kwetu kwenye ikweta anavigawa karibu sawasawa mwaka mzima. Mwili wa mgonjwa hupoteza mgawo huo kwa muda. Kuurudisha ni sehemu ya kupona, sawa na nyuzi kushika, na zawadi hiyo inaitwa kwa jina katika Zaburi 127: "Yeye humpa mpenzi wake usingizi."

Nirudi kidogo wodini, maana huko ndiko Zaburi 121 iliponijia kwa namna nisiyoitegemea. Mnajua hospitali zetu. Nesi mmoja ana wodi nzima, kwa hiyo kila mgonjwa huja na mtu wake wa kumuuguza, na usiku hao hutandika mikeka sakafuni, kati ya vitanda na hata chini ya vitanda. Kitanda cha jirani yangu alilala mzee aliyevunjika nyonga, na anayemuuguza ni mjukuu wake, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinamwota. Kijana huyu alikuwa na beseni, chupa ya chai, jeri kani dogo la maji, na kitenge cha kujifunika. Alilala amefunga ncha ya shuka la babu yake kwenye kifundo cha mkono. Mzee akijitikisa tu, shuka linavuta, kijana ameshasimama. Nilimwona akiinuka hivyo tena na tena. Anampa maji kwa kifuniko cha chupa, anamgeuza, anamfuta, anarudi chini. Karibu na azana ya alfajiri mzee alipata usingizi mzito, akakoroma. Kijana hakulala hata hapo. Alikaa ameegemea mguu wa kitanda, anasikiliza mkoromo wa babu yake, macho mekundu.

"Asiuache mguu wako usogezwe, asisinzie akulindaye." Nimeisoma Zaburi hiyo tangu Shule ya Jumapili, na siku zote nilimwona mlinzi wa getini, mwenye koti na rungu. Tangu usiku ule namwona Mungu kama yule kijana wa mkekani, aliyejifunga shuka la mgonjwa mkononi. Tofauti iko moja, nayo ni kubwa: kijana yule alikuwa anachoka, na Zaburi inasema huyu wa kwetu hachoki, "naam, hatasinzia wala hatalala usingizi." Sasa kama yuko macho kwa ajili yangu, mimi nikeshe kwa ajili ya nini? Mzee yule hakumsaidia mjukuu wake kulinda. Kazi yake ilikuwa kulindwa, na siku alipoifanya vizuri alikoroma.

Kwa hiyo nimekuwa nikifanya hivi. Usingizi ukikatika, sisemi maombi marefu. Nasema Zaburi 4:8 mara moja, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara," na lile neno "mara" silidai kwa Mungu kama mkopo. Simu iko chumba kingine. Macho yakikataa kabisa, naondoka kitandani, naketi sebuleni, nakunywa uji uliobaki, nikianza kusinzia narudi. Mchana nimejipunguzia kiti. Jua la asubuhi nalitafuta uani, kwa ushauri wa nesi, na nakubaliana naye. Usiku mmoja wa juzi nililala mpaka azana ikaniamsha, nikamshukuru Mungu, na jirani zangu Waislamu pia. Usiku uliofuata haukuwa hivyo. Inakuja kidogo kidogo.

Wanaofanya mkesha Ijumaa hii, fanyeni, na mniombee. Mimi sitakuwepo na sitaki mtu anitumie mahitaji ya kuombea saa nane. Wanaotaka kunitembelea waje kuanzia saa nne asubuhi, na wakinikuta nimelala waongee na mama watoto, chai ipo.

Jambo la mwisho. Yule mzee bado yuko wodini, nyonga haiponi upesi, na kijana yuko naye peke yake, nilimpigia jana. Anahitaji mtu wa kumpokea zamu angalau usiku mmoja mmoja ili aende kwa shangazi yake Katwe akaoge na kulala kitandani. Wahitajika ni wanaume wawili au watatu, kwa sababu mzee ni mzito wa kugeuza. Nimeshazungumza na kiongozi wa vijana, mpeni majina Jumapili baada ya ibada. Nendeni na mkeka wenu, chandarua, na chai ya kutosha watu wawili, kwa kuwa mgonjwa wa kitanda cha tatu hana mtu kabisa.