Alama ya Penseli Ndani ya Bawa la Mosquito

Juzi mwanangu wa mwisho alikuwa akiunga kindege cha shuleni cha balsa, ile mbao nyepesi sana, meza nzima inanuka gundi, akaniuliza kama kweli iliwahi kuwepo ndege ya mbao iliyokwenda vitani. Nikamwambia ipo, na mama yako kaishika kwa mikono hii. Alinitazama kama namtungia ngano.

Nilikuwa nikienda Salisbury Hall, pale London Colney, Uingereza, kwenye makumbusho ya de Havilland, kampuni iliyounda ndege hiyo, siku ambazo sikuwa na zamu. Hapo ndipo Mosquito ya kwanza, ndege ya mbao ya Vita vya Pili vya Dunia, ilipochorwa na kuundwa, na yenyewe bado ipo: W4050, ya rangi ya manjano, iliyopaa mara ya kwanza huko Hatfield tarehe 25 Novemba 1940. Mwili wake ni balsa iliyobanwa kati ya tabaka mbili za plaiwudi ya mti wa betula. Uliundwa kwa nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Nyaya na mabomba vikafungwa nusu zikiwa bado wazi, kisha zikaunganishwa kwa gundi. Kwa kuwa ni mbao, mafundi wa viwanda vya samani nao waliweza kupewa kazi, wakati aluminiamu inagombaniwa. Zilitengenezwa zaidi ya 7,700. Leo zimebaki kiasi cha 30 duniani kote.

Zipo zilizopona vita zikaja kuuawa na unyevu. Gundi ya mwanzo ilikuwa ya kasini, inayotokana na maziwa, na ukungu huila. Mwaka 1944, kwenye joto na mvua za India na Burma, viungo vya mabawa vilianza kuachia na ndege zikazuiwa kuruka mpaka zikaguliwe. Mtu wa Lamu kama mimi haelezwi mara mbili habari za mbao na unyevu. Nadhani ndiyo sababu wazee wa karakana ya makumbusho walinipa nafasi mapema, ingawa sikuwahi kuigusa ndege kabla ya hapo. Waliniona nikishika randa, wakajua nimekulia wapi.

Siku ninayoikumbuka, tulikuwa na flepu moja mezani, kile kibawa cha nyuma kinachoshushwa ndege inapotua. Ilikuwa imelala miaka mingi kwenye banda la shamba. Tulilainisha rangi, tukabandua kitambaa cha pamba kidogo kidogo, plaiwudi ikatokea chini yake, kahawia, na pembe moja imeoza kiasi cha kubonyea kwa ukucha. Ubao ule ulikuwa umekwisha kuachana na mataruma, zile mbavu za ndani. Nikapenyeza kisu chembamba, nikauinua.

Upande wa ndani ulikuwa msafi. Nasema msafi kwa maana ya jana: rangi ya mbao mpya, haijaona jua tangu siku ilipofunikwa. Kando ya taruma kulikuwa na mstari wa penseli. Pembeni yake kulikuwa na mwingine, hafifu, umepishana na ule kwa upana wa punje ya mchele. Mtu alipima, akachora, akaona si sawa, akaufuta kwa kidole, akachora tena. Doa la kidole bado lilikuwepo, kijivu, limevutwa kuelekea kushoto. Mbele kidogo, tone la gundi lililomwagika lilikuwa limeganda, na juu yake alama ya kidole gumba, mistari yote inahesabika. Niliweka kidole changu juu yake bila kugusa. Kilikuwa kidogo kuliko changu. Sikuweza kuendelea na kazi kwa muda.

Tatizo ni kwamba uozo ulipita chini ya mstari uleule. Njia ya haraka ilikuwa kukata ubao wote na kuweka mpya. Mzee aliyetusimamia alisema jambo moja tu: ukiukata, ushahidi huu hauna nakala. Basi tukapiga picha, tukachora vipimo vyote, tukaondoa sehemu iliyolainika peke yake, tena kutoka nje, na iliyobaki tukaigandisha kwa utomvu wa dukani. Kipande kipya tulikiunga kwa mshazari mrefu, mara 12 ya unene wa plaiwudi, na ndani yake tukaandika mwaka ili asije mtu kudhani ni cha zamani. Kazi ya kiganja kimoja cha mbao ilikula msimu wote wa baridi.

Nilimsimulia Baba kwa simu. Yeye ni fundi wa Matondoni, ameunda na kufufua majahazi tangu kabla sijazaliwa.

"Na inaruka?" akauliza.

"Hairuki, Baba."

"Sasa mwanangu, mbao zilizooza mnazibakiza za nini? Mimi jahazi nalibadili ubavu, nalibadili mataruma, mkuku ukichoka nao nautoa. Linarudi baharini, na jina lake lilelile."

Nikamweleza habari za New Zealand, ambako mafundi walichonga kalibu mpya na kuujenga upya mwili wa Mosquito KA114 kwa mbao mpya. Ilipaa kwenye uwanja wa ndege wa Ardmore, hukohuko New Zealand, mwezi Septemba 2012. Akafurahi: hao ndio mafundi! Nami nawaheshimu sana. Kwa kazi yao watu wamesikia tena injini mbili za Merlin zikivuta mbao angani. Lakini katika mbao zile mpya hakuna kidole cha mtu wa wakati wa vita. Nikamwambia hivyo, na habari ya mistari miwili.

Akanyamaza kidogo. "Wa pili ulinyooka?"

"Ulinyooka."

"Basi huyo alikuwa fundi," akasema, kisha akarudi palepale: chombo kisichosafiri kinangoja nini? Kila nikienda nyumbani tunaanza tena mjadala ule, na hatujakubaliana.