Kutoka Pugu hadi Coco Beach, Nikiufuata Mchanga

Daladala ilitushusha Pugu asubuhi, jua halijawa kali, mimi na rafiki yangu tukashika njia ya miguu inayoingia msituni. Wengi wanaokuja huku wanafuata mapango ya popo. Mimi nilifuata kuta za mapango yenyewe, kwa sababu ukitaka kuelewa kwa nini Dar ina sura hii, na mabonde haya, na bandari ile, pa kuanzia ni hapa.

Ukuta ni mweupe kama sembe. Nilipitisha kucha, jiwe likaachia unga laini. Nilipousugua vidoleni nikahisi punje ngumu zinakwaruza. Unga ule ni kaolini, udongo mweupe laini. Punje ni kwatsi, madini magumu yanayofanya mchanga.

Zamani sana asili ya vyote viwili ilikuwa ndani ya miamba migumu ya bara, ya jamii ya granaiti. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa, inageuka asidi hafifu. Asidi hiyo haina haraka. Inaingia kwenye nyufa za mwamba, inaishambulia felspa, madini mengine ya mwamba huo, potasiamu na sodiamu zinayeyuka na kwenda zake, kinachobaki ni kaolini. Kwatsi yenyewe haiguswi kirahisi, hivyo hubaki ikiwa mchanga. Mito ya kale iliteremsha mzigo huo ikautandaza ukanda wa pwani. Ukazikwa, ukashikamana kuwa jiwe, na maji yakaendelea kuuozesha hapohapo ulipolala. Kazi ya mamilioni ya miaka, nami naifuta kwa kitambaa!

Tukiteremka tulimkuta mzee mmoja shambani kwake, pembezoni mwa msitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmefuata popo?"

"Hapana mzee, tumekuja kutazama mawe."

"Mawe gani? Hapa huwezi kusema kuna jiwe. Ukipiga jembe linaingia." Akatuonyesha korongo lililokatiza mihogo yake, kingo zimesimama wima, nyekundu juu na nyeupe chini. "Hili kila masika linasogea. Mwanzo nilikuwa naliruka."

Wekundu ule wa juu ni kutu ya chuma iliyobaki baada ya mvua kuosha vingine. Na maneno ya mzee yanatosha kueleza nusu ya jiji: mwamba wa Pugu ni mlegevu, kwa hiyo maji hayauzunguki, yanauchana.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi. Tuliufuata kwa daladala na kwa miguu, Ukonga, Vingunguti, Kigogo. Sehemu hizo sitazieleza sana. Mto umebanwa na nyumba na taka, na harufu yake inajulikana. Jangwani ndipo nilipotaka tusimame. Pale bonde linapanuka ghafla, chini tambarare kabisa, na unajiuliza mto mdogo namna ile umepata wapi nguvu za kuchimba uwanja wote huo.

Jibu liko baharini. Takriban miaka 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa kama mita 120. Mito ya pwani ilikuwa na mteremko mkali kuelekea ufuoni, ikachimba chini sana. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda na kuingia mabondeni. Bonde moja likawa bandari yetu, ndiyo maana pale Kivukoni meli kubwa inapita karibu hivi na watu. La Msimbazi likajazwa tope na mchanga. Jangwani basi ni sakafu ya mto, iliyotandikwa na mafuriko. Desemba 2011 maji yaliporudi pale watu walipoteza maisha, na bado inaniuma kwamba ardhi ilikuwa imeandika wazi mahali mto unapolala.

Coco Beach tulifika maji yamekupwa. Ukitoka kwenye mchanga na kukanyaga mwamba, kila kitu kinabadilika. Hili ni tumbawe, chokaa iliyojengwa na viumbe wa baharini zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko sasa, kama ilivyokuwa takriban miaka 125,000 iliyopita. Juu limechongoka, linakata kandambili. Chini, usawa wa mawimbi, limelika kuelekea ndani hadi limebaki na paa linaloning'inia. Nilichutama nikatazama: vijishimo vya viumbe wanaotoboa, konokono wakikwangua mwani, nao wanaondoka na chembe za jiwe. Paa likizidi kuwa zito huanguka kipande kizima; vipande viwili vilikuwa vimelala mbele yetu.

Hata hivyo tumbawe linastahimili kuliko mchanga, na ndiyo sababu rasi ya Msasani bado imejitokeza baharini, na Bongoyo na Mbudya bado ni visiwa. Kunduchi, kwenye ufuo wa mchanga, bahari imekwisha kula majengo. Ufuo wa namna hiyo unaishi kwa mchanga unaoletwa na mito kama Tegeta na Mbezi, na mchanga huohuo tunauchota mitoni kwa malori kufyatulia matofali. Kila lori linaloondoka na mchanga wa mto limeupunguzia ufuo chakula chake, na bahari haisubiri mwingine uoze huko bara.