Daftari la Ndiva

Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 1997 na hazikukoma hadi mwaka mpya ulipoingia. Sisi wa mteremko wa magharibi wa Upare ya Kusini, wilaya ya Same, tulizipokea kwanza kwa shangwe, kwa sababu vuli ya 1996 ilikuwa imetunyima na kuna nyumba zilizokula hadi mbegu. Halafu neema ikageuka balaa. Barabara zilikatika, reli ikasombwa, na usiku mmoja wa Januari ukuta wa ndiva yetu ukabomoka pale penye mlango wa maji, likabaki pengo la kupitisha lori.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe linalojengwa juu ya mashamba. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku kucha, na asubuhi mlango unafunguliwa yateremke kwenye mifereji, kila mwenye shamba kwa zamu yake. Kijito chenyewe ni chembamba. Ukiyaacha maji yatiririke yenyewe bila kuyakusanya, udongo wa mfereji huyanywa yote kabla hayajafika mbali. Ndiva nyingi za Upare zilichimbwa na koo, zamani, kabla Mjerumani hajafika, na hadi leo kuna zinazojulikana kwa majina ya koo hizo. Kinachozitunza ni msaragambo. Pembe inapulizwa alfajiri, kila kaya inatoa mtu na jembe, na asiyefika bila sababu analipa faini. Kwetu faini ilikuwa kuku au dengelua, na kwa Wasabato na Waislamu, ambao hawakuitaka pombe ile, kilo ya sukari.

Mwaka huo nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na haijajulikana kama kutapatikana fedha ya kuniendeleza. Baba, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya ndiva, aliniambia, "Mwandiko wako unasomeka. Utakuwa karani." Akanipa daftari kubwa la mistari, lile la jalada gumu, na agizo moja: kila kitu kiandikwe siku hiyo hiyo, na jina la aliyekileta.

Masika ilipopita, pembe ikaanza kulia. Wanaume walivunja mawe na kuyapanga. Wanawake walipandisha mchanga kutoka korongoni, debe kichwani, kwenye kilima ambacho hata mtu mikono mitupu anakipanda akihema. Watoto walibeba kokoto kwa sufuria. Wasiokuwa na nguvu walileta chakula: mahindi, maharage, kuni, chumvi, na makande yalipikwa kwenye mapipa yaliyokatwa. Wenzetu wa Dar es Salaam, wale wenye umoja wao wa kuzikana na kusaidiana, walichangishana na kutuma fedha kwa mkono wa mtu aliyekuja likizo, pamoja na orodha ya majina na kiasi alichotoa kila mmoja. Tulinunua saruji. Fundi mmoja wa kijiji cha jirani alikataa ujira, akasema mama yake ni wa kwetu.

Niliandika yote. Nikiyafikiria sasa naona baba alielewa jambo ambalo wengi wanaofanya kazi hii ya maendeleo huchelewa kulielewa. Debe la mchanga likiandikwa, aliyelibeba anakuwa na neno katika ndiva. Lisipoandikwa, anabaki mtu aliyesaidia tu.

Katikati ya kazi lilikuja shirika. Lilikuwa na ofisi mjini na fedha kutoka Ulaya, na bwana aliyetumwa alikuwa mtu mwema, mwenye adabu, tena anayejua maji. Alipima pengo, akapima mteremko, akasema wako tayari kutupa saruji na nondo za kutosha kumalizia ukuta na kusakafia sehemu ya mfereji. Alituachia fomu. Palikuwa na sharti la kuunda kamati mpya itakayopelekwa semina, na mahali pa kujaza gharama, mstari baada ya mstari, hadi senti. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa mchango wa jamii. Baba alipouliza pale tuandike nini, bwana yule alijibu kwa nia njema kabisa, "Andikeni tu nguvu kazi, inatosha."

Baba hakusema kitu. Usiku ule nilimwona amekaa na daftari mbele ya koroboi, anafunua ukurasa mmoja mmoja.

Mkutano uliitishwa mwezi wa saba, chini ya mkuyu ulio karibu na ndiva, ili wananchi watie saini na dole gumba. Walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona. Mwenyekiti alifungua, sheikh akaomba dua, mwinjilisti akaomba, mgeni akatambulishwa. Alieleza mradi vizuri. Ikafika hatua ya saini.

Ndipo akasimama bibi mmoja mjane ambaye wote tulimwita Bibi wa Chini, kwa sababu shamba lake lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji. Maji yalimfikia siku ambazo wa juu walikuwa wameshiba. Wanawake walifanya kazi zote za ndiva, lakini kwenye kamati hawakuwamo, na mwanamke kusimama mkutanoni kabla wazee hawajamaliza halikuwa jambo la kawaida.

"Ndugu mwenyekiti, shikamooni wazee. Mimi nilileta maharage, kibaba kimoja. Naomba karani asome daftari."

Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba daftari lipo, wala halina shida, ila mgeni ana safari ndefu.

"Mgeni ana gari, baba, atafika. Mimi nimekuja kwa miguu na nitarudi kwa miguu, na bado nasubiri."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Baba akanitazama, nikasimama.

Nilisoma kuanzia siku ya kwanza. Jina, alicholeta, tarehe. Nilitazamia watu wachoke, lakini walizidi kusogea. Kila nilipotaja jina mwenyewe aliitikia, au jirani yake alimwitikia. Walinisahihisha. Mama mmoja alisema binti yake alipandisha mchanga siku aliyokuwa anaumwa yeye, jina la binti halimo. Tukaliingiza pale pale. Kijana mmoja alisimama akasema siku fulani ameandikwa amefika na hakufika, alitumwa mnadani. Nikafuta. Niliposoma majina ya Dar es Salaam, mzee mmoja asiyejua kusoma aliomba nirudie jina la mwanawe, nikalirudia.

Tukafika kwenye saruji. Daftari lilisema mifuko iliyonunuliwa, iliyotumika na iliyobaki. Bibi wa Chini akauliza kama kuna aliyeingia stoo kuhesabu. Vijana wawili walitumwa, wakarudi na hesabu pungufu kwa mifuko miwili. Pakawa kimya kizito. Mtunza stoo alisimama mwenyewe, hakusukumwa. Alisema aliiazima kujengea kaburi la kaka yake na alikusudia kuirudisha akiuza mbuzi. Hakuna aliyemtukana. Mzee mmoja alimwambia msiba ni wetu sote, angesema tungempa, lakini saruji ya ndiva haiazimwi gizani. Akapewa hadi msaragambo unaofuata, na stoo ikawekwa kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili wa koo tofauti. Mifuko ilirudi.

Nimekaa katika mikutano mingi ya mahesabu tangu wakati ule, yenye wakaguzi na vitabu vya ripoti. Sijaona upungufu ukigunduliwa, ukakiriwa, ukahukumiwa na kuwekewa kinga kwa muda mfupi namna ile. Na iliwezekana kwa sababu walioketi chini ya mkuyu hawakuwa wanakagua fedha ya mtu mwingine.

Bibi alikuwa hajakaa. Alimgeukia bwana wa shirika.

"Na wewe mwanangu, daftari lako husomwa wapi?"

Alijibu kweli, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alisema linasomwa ofisini, kisha ripoti inapelekwa kwa waliotoa fedha.

"Basi na letu lipelekwe huko, wajue nani wengine wametoa."

Mkutano uliazimia mambo mawili kabla ya saini yoyote. La kwanza, mchango wetu utiwe thamani na uambatanishwe na fomu. La pili, hakuna kamati mpya. Ileile iliyokuwapo ibaki, iongezwe wanawake wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na hao ndio waende semina. Bwana wa shirika alieleza kwamba fomu haina nafasi ya maelezo marefu kiasi hicho. Mwenyekiti, aliyekwishapata ujasiri, alimwambia karatasi ya ziada tutaitoa sisi.

Nilipiga hesabu ile na baba pamoja na mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya kazi tuliithaminisha kwa ujira ambao kibarua wa kulima alilipwa kijijini. Debe la mchanga tuliliwekea bei ya debe la mchanga. Maharage, mahindi na kuni tuliviwekea bei ya gulio. Fundi tulimwandikia ujira alioukataa. Jumla ilipita mara mbili ya thamani ya saruji na nondo zilizoahidiwa. Mwalimu alikokotoa tena, akapata ileile. Baba alisema polepole, "Kumbe mfadhili mkubwa ni sisi."

Sikushangaa watu wetu kusimama namna ile. Mwaka 1945 Wapare waliteremka kwa maelfu hadi Same kupinga kodi ya mbiru iliyowekwa na serikali ya mkoloni, wakakaa huko kwa miezi. Wanawake nao waliandamana. Watu wale walikula nini? Walikula vilivyotoka nyumba kwa nyumba milimani. Vitabu husimulia siasa za mbiru, na ni haki, lakini bibi yangu mzaa baba alisimulia vikapu. Hakuna mfadhili aliyegharamia madai yale, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kuyazima kwa kufunga mkoba.

Sitaki kusema kila kinachoitwa mchango ni kitu kimoja. Miaka ya baadaye, kampeni ya shule za kata ilipopamba moto, niliona mahali mbuzi akifunguliwa zizini na mgambo kwa sababu baba mwenye nyumba hajalipa. Shule zilijengwa, na watoto wengi wa masikini wakafika sekondari kupitia madarasa yale. Lakini pale palipotumika mgambo sikusikia daftari likisomwa mbele ya watu. Nani angethubutu kuuliza? Aliyenyang'anywa mbuzi anataka tu aachwe na amani yake.

Mimi mwenyewe nilikuja kufanya kazi na asasi za kiraia. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 ilikuta vikundi vingi vya vijijini havina hata katiba, na Foundation for Civil Society ilipoanza kutoa ruzuku, mwaka 2003, asasi ndogo za wilayani zilijifunza kuandika maandiko ya miradi, kufungua akaunti na kutoa risiti. Ni elimu muhimu, nimeifundisha, ninaiamini. Hata hivyo, kila andiko linaponifikia, nafungua kwanza pale panapoelezwa mchango wa wanajamii. Nikikuta neno moja tu bila jina wala thamani, nalirudisha na maswali. Nani alitoa? Alitoa nini? Alisomewa lini? Kikundi kinachoweza kujibu hayo kitadumu hata ruzuku ikikoma, maana kina wenyewe. Kisichoweza, nakiogopea hata kama hesabu zake za benki ni safi kama maji ya chemchemi.

Jibu la shirika lilichelewa. Pembe iliendelea kulia, na ukuta ulikamilika mwezi wa tisa kwa saruji ya Dar es Salaam na mawe yetu. Lori lao lilipofika hatimaye, na barua ya kukubali kamati yetu jinsi ilivyo, tulielekeza saruji yao kwenye kusakafia mfereji wa chini, ule uliovuja kuliko yote. Bibi wa Chini, sasa mjumbe, alisimamia ugawaji wa kila mfuko.

Vuli ya 1998 ikaja haba. Baada ya mwaka wa mafuriko, mawingu yalipita yakielekea kwingine. Ndiva ilijaa kwa shida, na zamu za maji zikawa jambo la kugombaniwa. Kamati iliamua msimu ule zamu zianzie chini kupanda juu, kwa kuwa wa chini ndio waliokosa kwa miaka. Wakulima wawili wa juu walikuja kwa baba jioni, wamekasirika, wakasema mashamba yao yako karibu na maji na mababu zao ndio waliochimba. Baba aliwakaribisha ndani, akaniita nilete daftari, akawafungulia kurasa zao. Mmoja alikuwa amefika msaragambo kila pembe ilipolia, na kamati ilimsogeza juu kwenye orodha. Mwingine alikuwa amelipa faini za sukari tangu mwanzo hadi mwisho. Aliangalia jina lake, akaomba apangiwe zamu yoyote itakayobaki, na akapangiwa.