Meseji ya saa nane usiku

Mradi wetu wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme hatukuutoa kwenye orodha ya chuo. Tulipewa na mama mmoja, fundi sanifu katika maabara ya utafiti wa malaria jijini Dar es Salaam. Alitupeleka mbele ya friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, limejaa sampuli za damu ya watoto. "Hawa wameshakuwa wakubwa," alisema. "Damu ile ya utotoni nitaipata wapi tena?"

Hofu yake haikuwa mgao wa umeme, maana jenereta lilikuwepo. Ilikuwa ile swichi ya chumba kujizima yenyewe usiku. Taa za nje zinawaka, mlinzi hana habari, na friza linaanza kupoteza ubaridi taratibu mpaka asubuhi.

Tukaamua kuunda kifaa cha kumtumia meseji friza likianza kupoteza ubaridi. Tukaenda Kariakoo, tukarudi na Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa, moduli ya simu SIM800L na kihisi cha joto cha DS18B20. Wiki mbili baadaye tulifunga kifaa kwa furaha. Mama akavaa miwani, akatazama kioo cha friza, kisha chetu. "Wanangu, lile linasema 79 chini ya sifuri, hiki chenu 55. Nimwamini nani?"

Nilisoma karatasi ya maelezo ya kihisi usiku ule ule. Mwisho wa kupima kwake ni nyuzi 55 chini ya sifuri, imeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa. Tulikuwa tumenunua kipimo kisichofika tunakopima. Tukahamia PT100, kihisi cha waya wa platinamu ambao ukinzani wake kwa umeme ni omu 100 kwenye nyuzi sifuri na hushuka hadi kama 68 kwenye baridi ile. Hapo namba zikakubaliana.

Ikabaki moduli ya simu. Kila ikitaka kutuma meseji inajizima, kwa sababu kwa muda mfupi sana huvuta hadi ampea 2, na nyaya zetu zilikuwa nyembamba kama uzi. Tukabadilisha nyaya, tukalehemu kando yake kapasita kubwa ya kutunza umeme wa haraka, na betri ya akiba ili kifaa kisife pamoja na soketi.

Mwezi uliofuata, saa nane usiku, simu yangu iliita. "Mwanangu, meseji imekuja. Nyuzi 68 chini ya sifuri. Mlinzi ameshafika kwenye swichi." Nikakaa kitandani, simu sikioni, nikamsikia akihema. Kisha akaanza kunisomea namba zilizokuwa zikiingia: 69, 70, 70, 71.